Baisikeli ya Kukaa Wima

Twataka kunena habari za chombo ambacho kila mtu amekiona, na wengi wamekipanda, lakini ni wachache waliopata kukitafakari. Nayo ni baisikeli ya kawaida, ile nzito, nyeusi, yenye magurudumu makubwa na usukani uliorudi nyuma, ambayo mwenye kuipanda huketi wima kama mtu aliyeketi mezani. Hatutanena sana habari za baisikeli za mashindano. Hizo zimekwisha pata wasifu wa kutosha. Tangu mashindano makuu ya kuizunguka Ufaransa yalipoanza mwaka wa 1903, magazeti ya Ulaya hayajachoka kuandika majina ya washindi. Kwa sababu hiyo historia ya baisikeli husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya mbio tu: nani alikwenda upesi zaidi, na kwa chuma chepesi namna gani. Kwa maoni yetu masimulizi hayo yameegemea upande mmoja. Baisikeli iliyobadili maisha ya watu wengi ni ile ya mwendo wa pole, na sababu yake kubwa ni namna mtu anavyokaa juu yake.

Chombo cha kwanza kilitokea Ujerumani mwaka wa 1817. Bwana mmoja wa mji wa Mannheim, jina lake Karl von Drais, alitengeneza kigari cha mti chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, na katikati kiti. Hakikuwa na pedeli wala mnyororo. Mpandaji alikaa wima, akapiga ardhi kwa miguu yake, huku na huku, chombo kikaenda. Tarehe 12 Juni mwaka ule alitoka mjini akaenda na kurudi, safari ya kama maili 8, kwa muda wa kama saa moja, mwendo ambao mtu wa miguu hauwezi. Watu wa Goma, huko Kongo, hawatastaajabu wakisikia habari hizi, maana wao wanayo chukudu, chombo cha mti cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, kinachobeba makaa na viazi kutoka milimani. Na katika mji wao chukudu imewekewa sanamu ya heshima, jambo ambalo Bwana Drais angalifurahi kuliona.

Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris waliweka pedeli katika gurudumu la mbele. Magurudumu yalikuwa ya mti yaliyovikwa pete ya chuma, nazo barabara zilikuwa za mawe, basi Waingereza wakakiita chombo kile kitikisa mifupa. Hapo ndipo mbio zilipoanza kuharibu mambo. Pedeli zikiwa katika gurudumu lenyewe, kila mzunguko wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu, wala hauzidi. Kwa hiyo atakaye kwenda upesi hana njia ila kulikuza gurudumu. Mafundi wakalikuza, wakalikuza tena, hata katika miaka ya 1870 gurudumu la mbele likafika kipenyo cha inchi 50, na lingine 60, na la nyuma likabaki dogo mfano wa sahani. Mpandaji alikaa juu kabisa, karibu sawasawa na ekseli ya mbele. Jiwe moja tu njiani, au kukaza breki ghafula, na chombo chote hupinduka mbele pamoja naye, naye huanguka kwa kichwa. Ajali hiyo ilikuwa ya kawaida hata ikapewa jina lake.

Basi tuulize: nani aliyeweza kupanda baisikeli ya namna ile? Ni kijana mwanamume, mwenye nguvu, mwenye mali, asiyeogopa kuvunjika shingo. Mzee hakuweza. Mwanamke mwenye sketi ndefu hakuweza. Mganga anayekwenda kumtazama mgonjwa, mwalimu mwenye madaftari, mtu mwenye mzigo wa mayai, hao wote walitazama tu. Wenye hadhi walinunua vyombo vya magurudumu matatu; hata Malkia Victoria aliagiza vya namna hiyo mwaka wa 1881. Lakini gurudumu la tatu ni uzito na gharama, na mlango wa nyumba ya mtu maskini haulipitishi.

Aliyekata fundo hilo ni John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza. Mwaka wa 1885 alitoa baisikeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, pedeli chini katikati, na mnyororo unaopeleka nguvu gurudumu la nyuma. Siri yake ni meno. Kigurudumu cha mbele kina meno mengi, cha nyuma kina machache, kwa hiyo mguu ukizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara mbili au zaidi. Haikulazimu tena kumpandisha mtu angani ili apate mwendo. Watu waliiita baisikeli ya salama, na jina hilo lilistahili. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1888, John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa mganga wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya mpira wa kujazwa upepo, alioubuni kwa ajili ya kigari cha mwanawe. (Mskoti mwingine, Robert Thomson, alikwisha buni jambo hilo hilo miaka 40 na zaidi nyuma, na kwa ajili hiyo hati ya Dunlop ilibatilishwa, lakini katika siku za Thomson hapakuwa na baisikeli za kuutumia.) Mpira wa upepo uliondoa mtikisiko, na mwenye mifupa akapata nafasi ya kupumzika.

Tangu hapo baisikeli ikagawanyika njia mbili. Ndugu mmoja alikwenda kwenye uwanja wa mashindano: usukani ukashuka chini kama pembe za kondoo, kiti kikapanda na kuwa chembamba, na mpandaji akainama mgongo mpaka kidevu kikaribie usukani. Ndugu wa pili alibaki njiani na watu. Huyu ndiye tutakayemtazama kwa makini, kiungo kwa kiungo, maana kila kiungo chake kina sababu.

Usukani wake ni wa juu na umepinda kumrudia mpandaji, hivi kwamba mikono hulegea mahali pake, bila kuubeba mwili. Kwa hiyo uzito karibu wote hukaa juu ya kiti. Na kwa sababu hiyo kiti ni kipana, cha ngozi, chenye springi za chuma nyuma. Watu hustaajabu kwamba kiti cha baisikeli ya mashindano ni chembamba na kigumu na hakimuumizi mshindani. Sababu ni kwamba yeye hakukikalia. Uzito wake umegawanyika katika mikono, miguu na kiti. Mtu akiweka kiti chembamba katika baisikeli ya kukaa wima, atajuta kabla ya maili ya pili. Fundi John Boultbee Brooks wa Birmingham alipata hati ya kiti cha ngozi mwaka wa 1882, na viti vya kiwanda chake vyatengenezwa mpaka leo. Ngozi ile hujifinyanga polepole kwa umbo la mwenyewe, na ndiyo maana mwenye kiti cha zamani hapendi kukiazima.

Uma wa mbele umelala kwenda mbele kuliko ule wa baisikeli ya mbio. Ulalo huo hupunguza pigo la shimo kabla halijafika mikononi, na huufanya usukani utulie, hata mtu akiwa na mzigo chombo hakiyumbi upesi. Magurudumu ni ya inchi 28, nayo gurudumu kubwa huvuka shimo ambalo dogo hulitumbukia. Breki zake zilikuwa za fimbo za chuma badala ya waya, zikivuta vipande vya mpira kwenda juu vishike upande wa ndani wa rimu. Wapenda mbio huzicheka, na kweli katika mvua hazishiki vizuri. Lakini fimbo haikatiki kama waya, na ikipinda hunyoshwa kwa nyundo katika kijiji kisicho na duka. Kisha kuna madigadi mapana, na kasha la kuufunika mnyororo. Vitu hivi viwili, ambavyo mshindani huvitupa kwanza, ndivyo vinavyomwezesha mtu kutoka nyumbani na nguo safi akafika kazini na nguo safi. Mtu mwenye kanzu nyeupe ajua thamani ya kasha la mnyororo kuliko mwandishi yeyote wa vitabu vya michezo.

Lakini faida ya kukaa wima ambayo haisemwi sana ni ya macho. Aliyeinama huiona barabara kwa kuinua shingo kwa nguvu. Aliyekaa wima humwona ng'ombe, mtoto na gari bila taabu, akageuka kutazama nyuma, akamwamkia jirani, akaitikia salamu. Katika nchi zetu, ambako kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni utovu wa adabu, jambo hili si dogo.

Twakiri, chombo hiki kina upungufu wake. Ni kizito, mara nyingi ratli 40 na zaidi kabla hakijapakiwa kitu. Mlimani mtu hushuka akakisukuma, mpaka Waingereza walipotia katika habu ya nyuma mashine ya mwendo wa namna tatu mwanzoni mwa karne ya 20. Na wengi hawakuweza kuinunua. Na upepo wa mbele humpiga mpandaji kifuani kama tanga. Ila hapa twataka hesabu itengenezwe sawasawa. Upepo unaomzuia mpandaji hauzidi kwa kadiri ya mwendo, bali huzidi mno: ukizidisha mwendo mara mbili, upepo hukuzuia mara nne. Maana yake, kwa mshindani wa maili 25 kwa saa kuinama ni kila kitu. Kwa mtu wa maili 8 kwa saa aendaye sokoni, kuinama kwampatia faida ndogo na maumivu makubwa. Wafanyabiashara hawakulieleza neno hili. Walipouza baisikeli za mbio katika miaka ya 1970, na baadaye zile za kupandia milima zilizotoka California, waliziuza kwa watu ambao safari yao ni nyumbani na kazini, bila madigadi, bila keria, bila kasha la mnyororo. Watu wakaumwa migongo, wakaziegemeza ukutani, wakadhani kwamba ni wao wasiofaa kwa baisikeli.

Kwa wanawake jambo hili lilikuwa zito zaidi. Mafundi walipoliondoa bomba la juu na kuacha nafasi ya kupitisha mguu, mwanamke mwenye nguo ndefu aliweza kupanda bila kuinua mguu juu ya kiti. Wakatokea wahubiri na waganga waliosema kwamba ni aibu, na kwamba mwanamke ataharibika afya na uso wake. Mmarekani Susan B. Anthony, aliyepigania haki ya wanawake ya kupiga kura, alisema mwaka wa 1896 kwamba baisikeli imewafungua wanawake kuliko kitu kingine chochote duniani. Baisikeli aliyoifikiri haikuwa ya mbio.

Mji mmoja wa Uingereza uliotengeneza baisikeli za kukaa wima kwa wingi ni Nottingham, mahali pa kiwanda cha Raleigh, kilichoanza katika barabara ya jina hilo katika miaka ya 1880. Frank Bowden aliyekinunua na kukikuza alikuwa mtu aliyerudi kutoka Hong Kong na mali nyingi na afya mbovu, akashauriwa na mganga wake apande baisikeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda kilikuwa kikitoa baisikeli kama milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa ilivuka bahari. Katika tangazo lake mashuhuri lililobandikwa Afrika, kijana Mwafrika anamkimbia simba kwa baisikeli, huku akitabasamu. Picha hiyo ilipendwa, lakini yatuchekesha, maana chombo kile kilikuwa cha mwisho duniani kwa kumkimbia simba. Waliokinunua walikitaka kwa mambo mengine: karani afike ofisini, katekista azunguke vijiji vyake, mkulima afikishe kahawa chamani. Kilikuwa pia cheo. Kabla ya uhuru, mtu aliyekuwa na baisikeli na saa ya mkono alihesabiwa kuwa amefika. Huko Kenya baisikeli nyeusi ya namna hii ilipewa jina la nyoka, Black Mamba. Kiwanda cha Nottingham kiliacha kuunganisha baisikeli mwaka wa 2002. Wajukuu wa chombo hicho wangali wakitoka India na China.

Wakenya na Waganda wa Busia ndio waliotambua kwamba keria ya nyuma ni kiti cha abiria. Katika miaka ya 1960 vijana walianza kuwavusha watu na mizigo yao kati ya vituo viwili vya mpakani, wakipaza sauti kwa neno la Kiingereza la mpaka, likarudiwa mara mbili, likawa boda boda. Siku hizi jina hilo limechukuliwa na pikipiki, lakini lilizaliwa juu ya baisikeli ya kukaa wima yenye mto wa sponji. Baisikeli ya mbio haingaliweza kulizaa. Haina mahali pa kumkalisha mama mwenye mtoto.

Nchi iliyokishika chombo hiki kwa uaminifu kuliko zote za Ulaya ni Uholanzi. Waholanzi wanayo baisikeli waiitayo baisikeli ya bibi, ambayo umbo lake laonyesha bado baisikeli za Kiingereza za mwisho wa karne ya 19: bomba la juu halipo, usukani umerudi sana, mnyororo umefunikwa wote. Wajerumani walipoitawala nchi ile wakati wa Vita vya Pili, walianza mwaka wa 1942 kuwanyang'anya watu baisikeli, na uchungu huo haukusahauliwa. Miaka mingi baadaye, timu za nchi mbili hizo zilipokutana katika mpira, Waholanzi walipiga kelele wakitaka warudishiwe baisikeli za babu zao.

Lakini tusidhani kwamba Waholanzi walibaki na baisikeli kwa tabia tu. Baada ya vita walinunua magari kama wengine, wakabomoa mitaa ili kuyapitisha, na baisikeli zikapungua. Mwaka wa 1971 zaidi ya watu 3,000 waliuawa barabarani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 400. Ndipo wazazi walipoinuka, wakafanya chama, jina lake likiwa amri ya kukomesha mauaji ya watoto. Wakakaa barabarani na watoto wao, wakafunga njia, wakaenda kwa wabunge. Mwishoni mwa mwaka wa 1973 mafuta yakaadimika duniani, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao jinsi mji ulivyo bila magari. Polepole njia za baisikeli zilijengwa, zikatengwa na zile za magari, na leo nchi ile ina baisikeli nyingi kuliko watu. Mwenye kukaa wima bila kuogopa gari huenda polepole, na mzee wa miaka 70 huenda pamoja naye.

China nayo ina kisa chake. Mwaka wa 1950 kiwanda cha Tianjin kilitoa baisikeli ya Flying Pigeon, nyeusi, ya mwendo mmoja, breki za fimbo, iliyofuata mfano wa Kiingereza wa miaka ya 1930. Ilipatikana kwa hati maalumu na kwa kungoja. Katika zamani zile msichana aliyechumbiwa alitazamia kupata vitu vitatu vizungukavyo na kimoja kiliacho: baisikeli, cherehani, saa ya mkono, na redio. Twafurahi kwamba redio haikuachwa nje.

Tumeweka mwisho habari ya India, kwa kuwa yatuhusu sisi walimu. Mwaka wa 2006 serikali ya jimbo la Bihar, mojawapo ya majimbo maskini ya nchi ile, iliazimu kumpa kila msichana anayeingia darasa la tisa katika shule ya serikali fedha za kununulia baisikeli, rupia 2,000. Shule za msingi zilikuwa karibu na vijiji, lakini za sekondari zilikuwa mbali, na wazazi waliwazuia binti zao kwa sababu ya njia. Baisikeli walizonunua hazikuwa za fahari: chuma kizito, bomba la juu halipo, kikapu mbele, keria nyuma, usukani wa juu. Wataalamu Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walilinganisha Bihar na jimbo jirani la Jharkhand, ambalo lilikuwa sehemu ya Bihar mpaka mwaka wa 2000. Waliona kwamba wasichana wa umri ule walioandikwa shule ya sekondari waliongezeka karibu kwa theluthi, na pengo baina yao na wavulana likapungua kwa sehemu 40 katika 100. Waliofika na kufaulu mtihani wa darasa la kumi waliongezeka pia.

Wataalamu wale walitazama tena ni wapi ongezeko lilikuwa kubwa zaidi, wakakuta ni katika vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka shuleni, mwendo ambao kwa miguu huchukua dakika 40, na kwa baisikeli, bila kukimbia, kama robo saa. Na kwa kuwa wasichana wengi wa kijiji kimoja walipata baisikeli mwaka mmoja, waliweza kwenda kwa makundi, wakizungumza njiani, wala haikuwalazimu wazazi kuwatuma binti zao peke yao.